Mwanafunzi na Mwanagenzi

Unyambwa ni kata mojawapo ya manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Ardhi yake ni ya mchanga na mawe makubwa, na mvua zake ni za msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Watu wa nchi ile hulima mtama, uwele na alizeti. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Na wengine hutundika mizinga ya nyuki mitini. Katika nchi kama hiyo mkulima hawezi kukaa pasipo mafundi. Jembe likivunjika lamtaka mhunzi, mlango ukilegea wamtaka seremala, ukuta ukipasuka wamtaka mwashi, na mtungi wa maji wamtaka mfinyanzi. Wala hapana fundi aliyezaliwa na nyundo mkononi. Kila mmoja alikuwa mtoto, akakaa karibu na mtu aliyemtangulia, akatazama, akajaribu, akakosea, akajaribu tena, hata akajua.

Mtoto huyo akaaye karibu na fundi ili ajifunze kazi, jina lake nani? Swali hili laonekana dogo, lakini sivyo. Kijana akimaliza masomo yake ya msingi asiendelee na shule, akaenda kwa seremala, pengine wenzake humcheka, wakisema, "Huyu si mwanafunzi tena." Naye akisikia hivyo huona haya, akajihesabu kuwa mtu aliyeshindwa, akashika randa kwa mkono usio na moyo. Kazi ifanywayo kwa haya haiwi njema. Basi yafaa neno lenyewe lichunguzwe, ionekane kama wale wachekao wana haki.

Kiswahili kina majina mawili kwa mtu huyo. La kwanza ni mwanafunzi, la pili ni mwanagenzi. Yote mawili huanza na mwana.

Mwana ni mtoto aliyezaliwa na mtu. Lakini maana yake huenea kupita kuzaliwa. Mtu wa baharini huitwa mwanamaji, ingawa bahari haikumzaa. Mtu aliyezama katika elimu huitwa mwanachuoni, hata akiwa mzee mwenye mvi. Neno mwana likitangulia, laonyesha kwamba mtu huyo ni wa mahali fulani: ana nyumba, naye ana haki katika nyumba hiyo. Mgeni hukaribishwa kisha huenda zake, na mchukuzi hulipwa ujira wake akaondoka. Mwana hukaa, huulizwa habari zake, hukemewa akikosa, hulishwa akiwa na njaa, na mwisho hurithi.

Sehemu ya pili ya neno ni funzi. Hiyo yatoka katika kitendo cha zamani, kufunda, ambacho maana yake ni kumpa mtu mafunzo na adabu. Kitendo hiki chaishi hata leo, kwa maana wanawake husema kwamba mwari hufundwa. Katika Kiswahili sauti ya nd hugeuka mara nyingi kuwa nz, kitendo kikifanywa jina la mtu. Anayependa ni mpenzi, anayelinda ni mlinzi, apandaye mbegu ni mpanzi. Kwa njia iyo hiyo kufunda kumezaa funzi, na kwa shina hilo hilo kumezaa fundi, kufundisha, kujifunza na mafunzo. Kwa hiyo fundi na mwanafunzi ni ndugu wa damu katika lugha. Shina lao ni moja, kama matawi mawili ya mbuyu mmoja.

Udugu huu waonekana hata mbali. Huko Afrika ya Kusini, Wazulu wana kitendo hicho hicho, ukufunda. Lakini kwao maana yake ni kujifunza na kusoma, na umfundi ni yule ajifunzaye. Pwani ya Afrika Mashariki, fundi ni yule ajuaye. Lugha hizi mbili ni za jamaa moja, nazo zimechukua shina moja: moja ikampa mwenye kuanza, nyingine ikampa mwenye kumaliza. Wala hakuna ajabu. Fundi ni mwanafunzi wa jana, na mwanafunzi ni fundi wa kesho. Kati yao hapana ukuta, pana miaka tu.

Waliotafsiri Injili katika Kiswahili walipotafuta jina kwa wale waliomfuata Yesu, walichukua neno hili, wakawaita wanafunzi wake. Watu hao hawakukaa darasani na ubao wa chaki. Baadhi yao walikuwa wavuvi. Walitembea na mwalimu wao, wakala naye, wakaona alivyosema na wagonjwa na maskini, kisha wakatumwa kufanya vile walivyoona. Hivyo ndivyo mtoto ajifunzavyo kwa fundi. Tena Injili yenyewe yaeleza jambo ambalo mtoto yeyote wa karakana aweza kulikumbuka kwa furaha: Mathayo amtaja Yesu kwa jina la mwana wa seremala, na Marko amtaja kwa jina la seremala mwenyewe. Kwanza mwana, kisha fundi. Kila kijana ashikaye randa hupita njia hiyo.

Katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1939, iliyoanzwa na Frederick Johnson, neno mwanafunzi ni la mtu asomaye, na la mtu amfuataye mwalimu, na pia la mtu ajifunzaye kazi ya mikono. Baadaye shule zikawa nyingi, na watoto walioshika vitabu wakawa wengi kuliko walioshika tezo, hata watu wakazoea kudhani kwamba neno hili ni la shule peke yake. Lakini shule ililikuta neno likiwa tayari, ikalitumia, wala haikumnyang'anya mwenziwe. Basi mwenye kumcheka kijana wa karakana kwamba si mwanafunzi, hajui jina ambalo yeye mwenyewe ameitwa.

Jina la pili ni mwanagenzi. Neno hili halisikiki sana vijijini, lakini ni zuri, nalo lastahili kujulikana. Wenye kamusi husema kwamba mwanagenzi ni mtu aanzaye kazi, ambaye bado hajawa hodari. Je, genzi ni nini? Lugha ndugu zasaidia hapa. Katika Kiganda kwenda ni okugenda. Katika Kinyarwanda ni kugenda, na mugenzi ni mwenye kwenda njiani, au mwenzake mtu katika safari. Kiswahili chasema kwenda, pasipo sauti ya g. Na ile kanuni ya kupenda na mpenzi yaonekana hapa pia, maana genda ikigeuka huwa genzi. Kwa hiyo neno hili lafanana sana na maneno ya mwendo na safari, na mwanagenzi aonekana kuwa mwana wa njia, aliye bado katika kwenda.

Neno jingine lina sehemu hiyo hiyo, nalo ni mkurugenzi. Leo mkurugenzi ni mkubwa wa ofisi, mwenye meza na mihuri. Zamani mkurugenzi alikuwa mtu atanguliaye katika safari, ajuaye njia, na wengine wakamfuata. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja, waona msafara mzima: mbele yuko mkurugenzi aliyekwisha kuijua njia, na nyuma yuko mwanagenzi aijifunzaye kwa kukanyaga nyayo zake. Wote wawili wamo katika safari moja. Wahenga nao walisema, mwenda pole hajikwai. Na usemi huu wamfaa sana mwanagenzi, kwa kuwa kazi ya mikono haina njia ya mkato.

Hata majina haya yakijulikana, yafaa kutazama safari yenyewe jinsi ilivyo. Mfano ni utengenezaji wa mizinga, kazi ijulikanayo sana katika mkoa wa Singida, ambao asali yake huuzwa mbali. Mtu aweza kudhani kwamba mzinga ni gogo tu lenye tundu. Lakini mtoto amfuataye mzee porini hujifunza kwanza kuchagua mti, upi ni mwepesi kuchongwa, na upi huoza upesi. Hujifunza kupasua gogo lisikatike ovyo, kulichimba ndani kwa tezo hata ubavu wake uwe na unene ufaao, na kuziunganisha sehemu zake zifungike barabara. Hujifunza kutundika mzinga mahali ambapo nyuki hupapenda, mbali na njia ya ng'ombe na karibu na maua na maji. Na siku ya kurina hujifunza kufukiza moshi kwa kiasi, kuchukua masega yenye asali iliyoiva, na kuyaacha yale yenye makinda ya nyuki, ili kundi lisife wala kuhama. Mambo haya yote hayamo katika gogo. Yamo katika kichwa cha mzee, na njia yake ya kutoka ni mtoto anayetembea nyuma yake.

Mfinyanzi naye ana siri zake. Msichana akaaye na bibi yake hujifunza kuujua udongo kwa vidole, kuondoa vijiwe, kuchanganya maji pasipo kuzidisha, kuupandisha mtungi pole pole ili usibonyee, kuuanika kivulini usipasuke, na mwisho kuuchoma. Msichana huyu ni mwanagenzi sawasawa na kijana wa seremala, ingawa hakuna aliyempa jina hilo, kwa kuwa mwalimu wake ni bibi yake na karakana yake ni uwanja wa nyumba.

Kwa seremala nako ni vivyo hivyo. Siku za kwanza mtoto hufagia maranda. Kazi hii yaonekana ya bure, lakini mwenye akili hujifunza hata katika kufagia, kwa maana hutambua maranda membamba ya randa iliyonolewa vema, na vipande vinene vya randa butu. Kisha huambiwa, "Lete patasi," "Lete keekee," "Lete nyundo," na hivyo hujua majina ya vyombo. Kisha hushika upande wa pili wa ubao, fundi akikata kwa msumeno. Kisha hupewa kipande kisicho na thamani, apige randa hata kinyoke. Baada ya siku nyingi huchonga ulimi wa ubao na tundu lake, vikutane pasipo nafasi. Na hapo ndipo fundi hunyamaza, akatazama. Ukimya huo mtoto huutamani kuliko sifa.

Lakini kabla ya siku hiyo mbao nyingi huharibika. Mwanagenzi asiyekosea hayuko duniani. Mjini Unguja, mahali paitwapo Mkunazini, palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi wa kanisa liliwekwa hapo, na Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 hata kufa kwake mwaka 1882, akaisimamia kazi ya kulijenga. Ndani ya kanisa hilo ziko nguzo ndogo zilizosimama juu chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, na wajenzi wakazisimamisha kinyume. Aliporudi akaziona, akaziacha kama zilivyo. Hata leo wageni huonyeshwa. Kanisa halikuanguka kwa ajili ya nguzo hizo, na waliozisimamisha walimaliza kazi kubwa. Wahunzi husema kweli kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Habari za Unguja zaleta mbele jambo zito zaidi. Misheni za pwani ziliwapokea watoto wengi waliokombolewa katika utumwa. Steere na wenzake waliwafundisha vijana kupiga chapa, na vitabu vya Kiswahili vikatoka katika mikono yao. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863, na kuhamia Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na karakana ambamo watoto walifundishwa kazi za mikono. Watoto hao walikuwa wamezoea kuchukua mizigo na kutii amri. Je, ni nini kilichobadilika walipoingia karakana? Hata huko waliamriwa, na hata huko walichoka.

Neno lenyewe lajibu. Mtumwa ni atumwaye. Jina lake limetoka katika kutuma. Mwanafunzi ni mwana afunzwaye. Mtumwa huambiwa, "Chukua hiki, peleka kule," wala haelezwi sababu. Mwanafunzi naye huambiwa, "Chukua hiki," lakini siku moja huelezwa kwa nini, na siku nyingine huachiwa achukue yeye mwenyewe pasipo kuambiwa. Mtumwa akifanya kazi miaka 10 hubaki alipo. Mwanafunzi akifanya miaka michache huondoka akiwa na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya chakula na mavazi.

Basi majina haya mawili yanamfunga fundi kama yanavyomfunga mtoto. Wako mafundi wanaopokea kijana kwa maneno mazuri, kisha humtuma maji, humtuma sigara, humpa kubeba mbao na mchanga, na jambo la maana likitaka kufanywa humwambia atoke nje. Huogopa kwamba kijana akijua atawanyang'anya wateja. Mijini pana jina la mtu abebaye zege na matofali kwa ujira wa siku, nalo ni saidia fundi. Kazi yake ni halali, na mkate wake ni wa jasho. Lakini saidia fundi hakuahidiwa kitu zaidi ya ujira wake; mwanagenzi ameahidiwa njia. Fundi amwitaye mtu mwanafunzi na kumtumia kama mtumwa amesema uongo kila siku amwitapo.

Na mtoto naye ana deni lake. Mwana hukaa nyumbani hata siku za shida. Kijana aachaye kazi baada ya miezi mitatu, akijiita fundi kwa kuwa amejua kupigilia msumari, huwadanganya wanaomlipa. Mlango wake utapinda mvua za kwanza zikija, na kiti chake kitavunjika mgeni akikikalia; na aibu haitakuwa yake peke yake, maana watu watauliza, "Nani alimfundisha?" Jina la fundi humfuata mwanafunzi wake popote. Asiyefunzwa na mamaye, wahenga walisema, hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hufunza kwa fimbo.

Mataifa mengine yalijua jambo hili, yakaliandikia sheria. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1563 iliagiza kwamba mtu asifanye kazi ya ufundi kwa kujitegemea asipokwisha kujifunza miaka 7 kwa fundi. Jina walilompa mwenye kujifunza latoka katika Kilatini, na asili yake ni kushika: mwanafunzi ni mtu anayeshika, kwanza kwa mkono, kisha kwa akili. Huko Ujerumani hata leo wako mafundi vijana, hasa maseremala, ambao wakimaliza kujifunza huvaa mavazi ya desturi yao, wakasafiri mji hata mji miaka mitatu na siku moja, wakifanya kazi kwa mafundi mbalimbali kabla ya kurudi kwao. Hao hawakijui Kiswahili, lakini hapana neno liwafaalo kuliko mwanagenzi.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na desturi yake. Kijana alipomaliza kujifunza, alimpa fundi wake zawadi, fedha au nguo, na zawadi hiyo iliitwa kilemba. Kilemba ni nguo ya heshima ifungwayo kichwani. Kwa kumpa fundi kilemba, kijana alikiri mbele za watu kwamba kichwa hicho ndicho kilichomfikisha. Na kumaliza kwenyewe kuliitwa kuhitimu. Neno hili la Kiarabu ni la chuoni. Mtoto aliyesoma Kurani yote hata mwisho husemwa amehitimu. Lakini watu wa pwani hawakuona vibaya kulitumia kwa mtoto wa seremala pia, wala hawakutofautisha mwisho wa kitabu na mwisho wa kazi. Kote kuwili mtu amehitimu.

Katika nchi ya Tanzania ya leo mambo haya yamepata kanuni mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mtoto aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari. Kwa hiyo mtoto wa shule asitolewe darasani ili akapige randa. Amalize masomo yake kwanza, kwa kuwa seremala asiyejua hesabu hupoteza mbao, na mwashi asiyejua kusoma hawezi kuifuata ramani ya nyumba. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ijulikanayo kwa jina la VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina vyuo katika mikoa mingi, Singida ukiwa mmojawapo. Serikali imelirudisha lile neno la zamani: mafunzo ambayo kijana hupata sehemu chuoni na sehemu kazini huitwa mafunzo ya uanagenzi. Tena mtu aliyejifunza kwa fundi wa mtaani, asiyepita chuoni, aweza kupimwa na VETA ujuzi wake. Akionekana anajua, hupewa cheti. Hivyo sheria yenyewe imekubali kwamba kibanda cha seremala, chenye paa la bati na maranda sakafuni, chaweza kuwa mahali pa kufundishia.

Mkoa wa Singida una haja kubwa ya watu hao. Alizeti hukamuliwa kwa mashine, na mashine huharibika. Pampu za visima hukatika, pikipiki hutaka matengenezo, nyumba za matofali zajengwa mahali palipokuwa na tembe. Wazee walijenga tembe kwa nguzo za panda, mihimili, fito na udongo juu yake, na kila kijana aliijua kazi hiyo kwa kuwasaidia wakubwa wake. Kazi za sasa ni nyingine, lakini njia ya kuzijua haikubadilika. Mtu mmoja ajua. Mwingine husimama karibu naye, macho yakiwa wazi na mikono ikiwa tayari.

Kijana wa Unyambwa akiulizwa, "Siku hizi uko wapi?" asijibu kwa sauti ndogo kwamba yuko kwa fundi tu. Aseme, "Mimi ni mwanafunzi wa seremala fulani," na amtaje fundi wake kwa jina, kama mwana amtajavyo babaye. Na fundi akiulizwa, "Huyu ni nani?" asiseme, "Ni kijana wangu wa kutumwa." Aseme, "Ni mwanafunzi wangu." Akiisha kusema hivyo, arudi ndani, ampe kijana patasi iliyonolewa, amwonyeshe mstari wa kuufuata, kisha atoe mkono wake juu ya ubao, amwache achonge.